Makao ya wazee yanayopokea wenye uraibu wa pombe, mkoani Lindi: mchana kazi inaeleweka, usiku bado

Huduma: makao ya wazee yenye mpango wa kuhudumia uraibu wa pombe
Mahali: mkoa wa Lindi, upande wa bara
Alama: 3.5 kati ya 5

Familia zinazoulizia makao haya huanza na geti. Lipo? Linafungwa? Anaweza kutoroka kwenda kilabuni? Geti lipo, ni la nondo, na mlinzi yupo. Lakini kwa mzee aliyezoea kunywa kila siku, hatari ya wiki ya kwanza inaletwa na kufungiwa zaidi ya kutoroka. Mwili uliopata pombe kila siku kwa miaka, ukikatiwa ghafla, unaweza kuingia kwenye degedege na kuweweseka, na mzee wa miaka 75 mwenye presha anaweza kufia humo. Ndiyo maana makao haya tumeyapima kwa jambo moja kabla ya mengine: wahudumu wanajua mzee alikunywa mara ya mwisho lini, na wakishajua wanafanya nini?

Mchana wanajua, na wanafanya. Usiku tutaufikia.

Jina la makao hatuliandiki. Wakaaji ni wachache, kijiji ni kidogo, na ukitaja mahali tu watu watajua ni babu wa nani anayezungumzwa.

Mapokezi

Hapa ndipo wanapostahili sifa kubwa. Makao mengi yana fomu yenye kisanduku cha "Anatumia pombe? Ndiyo / Hapana", na jibu lake halina faida yoyote. Anayeuliza ni binti wa umri wa mjukuu, mtoto wa mzee amesimama pembeni amekunja uso, na ukanda huu una Waislamu wengi. Mzee gani atasema ndiyo? Hapa mwanafamilia anaombwa asubiri nje kwenye benchi. Babu anahojiwa na mhudumu wa kiume mtu mzima, bibi na mama mtu mzima. Anaamkiwa, anapewa maji, halafu mazungumzo yanaanzia shambani: mikorosho imeitikaje mwaka huu, mabibo (matunda ya mkorosho) mmeyafanyia nini. Mkifika kwenye mabibo, uraka, yaani pombe ya juisi ya mabibo, unakuja wenyewe. Toka hapo ni rahisi kuuliza kama kuna na kile kikali, kama asubuhi huwa anazimua, yaani anakunywa ili kuondoa uchovu wa pombe ya jana, na kama mikono hutetemeka kabla hajazimua.

Swali la kuzimua ndilo lenye uzito. Anayehitaji pombe asubuhi ili mikono itulie ameshafika kwenye utegemezi wa mwili, hata kama yeye anaiita "kidogo tu, mwanangu, ya kutoa baridi".

Juu ya meza ya mapokezi kuna vyombo vimepangwa: kopo la plastiki la nusu lita, bilauri ya 250 ml, chupa bapa ya 200 ml, kibuyu. Mzee haulizwi ni "kiasi gani", anaonyesha kwa kidole. Kisha mhudumu anapiga hesabu kwenye daftari: mililita mara asilimia ya kilevi, mara 0.8, gawa kwa 100. Bia ya 500 ml yenye asilimia 5 inatoa gramu 20 za kilevi. Chupa bapa ya 200 ml ya pombe kali yenye asilimia 35 inatoa gramu 56, karibu bia tatu. Gongo haliingii kwenye hesabu hii kwa sababu hakuna anayejua nguvu yake; linaandikwa "halipimiki" kwa kalamu nyekundu na mzee anachukuliwa kama mnywaji mzito. Uraka nao hubadilika kwa siku, na tutaurudia.

Baada ya hapo hutumika maswali kumi ya AUDIT, kipimo cha unywaji wa pombe cha Shirika la Afya Duniani, ambayo tafsiri yake ya Kiswahili imeshafanyiwa majaribio Moshi. Kawaida alama 8 kati ya 40 ndiyo inayopiga kengele. Kwa wazee mstari huo uko juu mno, na makao wameushusha hadi 5. Ni uamuzi sahihi. Mwili wa uzeeni una maji machache na mafuta mengi kuliko wa kijana, kwa hiyo kilevi kilekile kinakuwa kikali zaidi kwenye damu, na ini nalo huchelewa kukisafisha. Isitoshe, baadhi ya maswali ya AUDIT yanahusu kazi na majukumu ambayo mzee alishayaacha. Anapata sifuri pale bila kuwa salama. Kipimo cha SMAST-G kilitungwa kwa ajili ya wazee, kina maswali kumi ya ndiyo na hapana, na ndiyo mbili tu zinatosha kuonyesha tatizo. Hiki hawakitumii. Wakiongeze: kinauliza kama mtu hunywa ili atulize mawazo au baada ya kufiwa, na hapo ndipo wazee wengi walioanza kulewa ukubwani wanapoonekana. Hao walioanza baada ya kustaafu au kufiwa na mwenza ndio wanaoacha kwa urahisi zaidi, kwa hiyo kuwakosa ni hasara.

Siku nne za kwanza

Ratiba ya arosto ya pombe, yaani mateso ya mwili uliokatiwa pombe, inajulikana vizuri, na imebandikwa ukutani kwenye chumba cha muuguzi. Ndani ya saa 6 hadi 24 tangu tone la mwisho: mikono kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, usingizi kukata. Degedege likija, mara nyingi huja kati ya saa 6 na 48. Kuweweseka kukali, pamoja na homa, presha kupanda na kuona vitu visivyokuwepo, huanza kati ya siku ya pili na ya nne. Familia inayopiga simu siku ya kwanza na kuambiwa "mzee yuko sawa" isijipongeze bado.

Muuguzi anatumia karatasi ya CIWA-Ar, ya kupima ukali wa arosto, yenye vipengele kumi na jumla ya alama 67. Chini ya 8 anaangaliwa kila baada ya saa nne. Kuanzia 8 hadi 15 anaangaliwa kila saa moja au mbili, na dawa inatolewa kwa maelekezo ya daktari. Zaidi ya 15 ni hospitali, bila mjadala. Mtetemeko wanaupima vizuri: mikono mbele, vidole vimetanuliwa, na kama haionekani kwa macho, karatasi nyepesi inawekwa juu ya mgongo wa kiganja na ncha zake zinatazamwa.

Mambo matatu yanaiharibu karatasi hii kwa wazee, na ni moja tu ambalo makao wanalisimamia kikamilifu. La kwanza, mzee mwenye atenolo au propranolo kwa ajili ya presha hatakuwa na mapigo ya kasi hata arosto ikiwa kali, dawa inayaficha. Hili wanalijua, na juu ya karatasi wanaandika majina ya dawa zake za presha. La pili, mzee aliyepoteza kumbukumbu hawezi kujibu kama anasikia kichefuchefu au mwili unamwasha, na alama zinashuka kwa uongo. Kwa huyo inabidi kuangalia kinachoonekana tu, yaani jasho, mtetemeko, kutotulia, na kumlinganisha na hali yake ya jana. La tatu ndilo kubwa: homa na kuchanganyikiwa kwa mzee kunaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, nimonia, sukari kushuka au damu kuvujia kichwani baada ya kuanguka. Kabla ya kusema "ni arosto" inatakiwa kipimajoto, kipimo cha haraka cha malaria, kipimo cha sukari na kuchungulia kichwani kama kuna uvimbe au jeraha. Wanafanya malaria na sukari. Kichwa hawakigusi. Na kipimo cha malaria kikionyesha ndiyo, wanakwenda moja kwa moja kwenye dawa mseto na karatasi ya arosto inasahaulika. Kipimo kile huweza kuendelea kuonyesha ndiyo kwa wiki kadhaa baada ya malaria kupona, na hata malaria ya kweli haimzuii mtu kuwa na arosto siku hiyohiyo.

Kuna jambo la vijijini pia. Mzee anayezungumza na marehemu ndugu zake saa nane usiku hapa huwa na tafsiri nyingine, na familia ikisikia inaweza kuja kumchukua apelekwe kwa mganga wa kienyeji. Makao huwaambia ndugu mapema, siku ya kumpokea, kwamba hali hiyo inaweza kutokea siku ya pili au ya tatu na kwamba ni dharura ya hospitali. Wachache hulifanya hili, na linaokoa muda ambao huwa haupo.

Dawa

Kilichopo kabatini ni diazepamu. Kwa kijana inafaa sana. Kwa mzee inakaa mwilini kwa siku nyingi, mabaki yake nayo yana nguvu, na dozi za siku mbili zinakutana na ya tatu; matokeo ni mzee aliyelala fofofo, anayekabwa na chakula au anayeanguka akienda chooni. Lorazepamu ingefaa zaidi, kwa sababu ini lililochoka bado linaiweza na haiachi mabaki yenye nguvu. Ikiwa diazepamu ndiyo iliyopo, sheria ya makao inaeleweka: dozi ndogo kwa kadiri ya alama, si kwa ratiba, kabla ya kila dozi mzee aitwe jina na ajibu, akisinzia, hapewi, baada ya saa moja alama zinahesabiwa upya. Kazi hii ikimalizika ndani ya wiki moja, diazepamu inasimama. Kuna makao tunayoyajua ambako mzee aliachishwa uraka akabaki na diazepamu ya usingizi mwaka mzima, na hakuna aliyeona kwamba amehamishwa tu.

Thiamini, yaani vitamini B1, ndiyo dawa ya bei ndogo yenye kazi kubwa kuliko zote hapa. Mnywaji wa siku nyingi huwa hana akiba yake, kwa sababu hali vizuri na utumbo wake hauinyonyi. Ikiisha, ubongo huumia: macho kucheza au kushindwa kugeuka, kuyumba, kuchanganyikiwa. Ikiachwa, kumbukumbu haitarudi. Makao hutoa vidonge vya miligramu 100 kila siku kwa wote wanaoingia. Kwa anayekula vizuri inatosha. Kwa aliyekonda, anayetapika au aliyeanza kuchanganyikiwa haitoshi, anahitaji sindano, na sindano hawana. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kosa la kuepuka ni dripu ya sukari kabla ya thiamini, kwa sababu sukari inamaliza kile kidogo kilichobaki. Sukari ya damu ikiwa imeshuka kweli, hapo hakuna kusubiri. Vyote viwili vinakwenda pamoja.

Kabati lile lina matatizo mengine madogo. Diklofenaki kwa maumivu ya magoti inatolewa kama pipi, wakati tumbo la mnywaji liko tayari kuvuja damu. Piriton, dawa ya mzio, inatumika kama dawa ya usingizi. Kwa mzee inachanganya akili na kuziba mkojo. Anayetumia glibenklamidi kwa kisukari akilewa bila kula, sukari inaanguka na kila mtu anadhani amelewa tu. Muuguzi anayajua haya ukimuuliza. Kwenye daftari la dawa hayaonekani.

Kuhusu dawa za kuzuia kurudia, makao hayana yoyote na hupeleka mzee kwa daktari. Naltreksoni, miligramu 50 kwa siku, hupunguza utamu wa kunywa, lakini haimfai mwenye ini lililoharibika sana wala anayetumia dawa kali za maumivu za jamii ya mofini. Akamprosati inategemea figo, kwa hiyo lazima figo zipimwe kwanza, na zikiwa dhaifu dozi inashuka au dawa inaachwa. Disulfiramu, ile inayomfanya mtu aumwe akionja pombe, tusingependa kuiona kwa mzee yeyote mwenye moyo mbovu; madhara yake yanaweza kuja hata wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho, na syrup ya kikohozi yenye kilevi inatosha kuyaamsha.

Msimu wa mabibo

Hakuna kitabu cha nje kitakachokuambia hili, na wahudumu wa hapa wanalijua kama jina lao. Kuanzia mwezi wa tisa hadi wa kumi na mbili, korosho zinapookotwa, mabibo yanabaki chini kwa wingi na juisi yake haina bei. Ndugu anakuja kumsalimia babu na dumu dogo la "juisi tu, imekamuliwa leo". Ni kweli imekamuliwa leo. Lakini kwa joto la Lindi, hamira iliyopo kwenye ganda la bibo inaanza kazi ndani ya saa chache; kesho jioni dumu linafura, na keshokutwa ni uraka kamili. Mzee akiliweka chini ya kitanda siku tatu, hahitaji kutoroka kwenda popote. Huohuo ndio msimu ambao minada ya korosho inalipa, watoto wana pesa, na mzee anatumiwa za matumizi kwenye simu.

Makao wameweka utaratibu mzuri. Juisi inapokelewa getini kwa shukrani, kwa sababu kuikataa ni kumvunjia heshima aliyeileta, kisha inachemshwa jikoni palepale na kunywewa siku hiyo na wote. Kuchemsha kunaua hamira. Kuiweka tu kivulini hakusaidii. Kinachobaki jioni kinamwagwa. Ungetegemea ugomvi, na haupo, kwa sababu hakuna anayenyang'anywa: mgeni anaona dumu lake likinywewa na bweni zima.

Pesa ndiyo shimo. Simu ya mzee iko mfukoni mwake, kama inavyotakiwa, ila anayetumwa dukani ni kibarua wa usafi, na kibarua huyo hupata chake kwa kila chupa. Tangu viroba (pombe kali ya vifuko vidogo vya plastiki) vipigwe marufuku mwaka 2017 kificho kimekuwa kigumu kidogo, maana chupa ina sauti na umbo, lakini gongo linaingia hata kwenye chupa ya maji ya nusu lita. Dawa yake ni daftari la manunuzi: kila anayetumwa anaandika alichonunua, bei na chenji, na mzee anaweka dole gumba. Makao wana daftari hilo. Wameacha kulijaza.

Kitakasa mikono kimekaa vibaya kuliko vyote. Chupa ya nusu lita iko mlangoni mwa kila bweni, wazi. Kile kilichotengenezwa kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani kina ethanoli, kilevi kilekile cha kwenye bia, asilimia 80. Kwa hesabu ileile ya mapokezi, chupa hiyo ina gramu 320 za kilevi, sawa na bia 16 za nusu lita. Mzee aliyekatiwa pombe jana ataipata kabla yako. Na si kila kitakasa kina ethanoli: kuna vya aina nyingine ya kilevi kikali zaidi mwilini, na vya kienyeji huweza kuwa na methanoli inayopofusha macho. Sabuni na ndoo ya maji yenye bomba zinatosha mabwenini. Kitakasa kikae kwenye chupa ndogo mfukoni mwa mhudumu. Spiriti ya kusafishia vidonda nayo ifungiwe.

Wanaokunywa kwa kipimo

Hapa wasomaji watagawanyika. Makao yana wazee wachache ambao hawakuachishwa. Wamekunywa tangu ujana, walishajaribiwa kuachishwa zaidi ya mara moja, na daktari ameandika kwamba wapewe kwa kipimo. Bia iliyofungwa, iliyonunuliwa dukani na familia, inakaa ofisini ikiwa na jina. Chupa moja saa 10 jioni, nyingine saa 1 usiku pamoja na chakula. Kwa aliyeingia akiwa anakunywa zaidi, wanaanza juu na kupunguza robo chupa kila baada ya siku chache. Mtetemeko ukirudi wanasimama palepale.

Wazo hili halikuzaliwa hapa. Kanada wamefanya hivyo kwa walevi sugu wasio na makazi tangu miaka ya 1990. Ottawa walikuwa wakitoa kila saa, hadi mililita 140 za mvinyo au 90 za sheri (mvinyo mkali zaidi), kuanzia asubuhi hadi usiku. Faida inayotafutwa ni ndogo na ya kweli: mtu asinywe spiriti, asianguke, ale, na dawa zake za presha zimezwe.

Sisi tunaliunga mkono kwa masharti, na makao wanayatimiza mengi. Uraka na gongo havitolewi: nguvu yake haijulikani, na gongo ni kosa kisheria. Anayesinzia, mwenye homa, au ambaye presha yake inaanguka kwa 20 au zaidi akisimama hapewi siku hiyo. Anayetumia diazepamu hapewi kabisa. Mhudumu ambaye dini yake haimruhusu kushika pombe halazimishwi. Zamu zinapangwa mwenzake amimine. Sharti wanalolivunja ni la mahali. Chupa zinafunguliwa barazani, mbele ya wenzao walio kwenye wiki ya pili ya kuacha, na huku bao linachezwa. Harufu tu inatosha kumharibia mtu kazi ya siku kumi. Wakapewe chumba cha nyuma.

Chakula na siku za baadaye

Jikoni tuna la kusema moja. Ugali wa muhogo kila siku hauna thiamini ya maana. Kunde, mbaazi, karanga na dona vinayo, vinalimwa hapahapa, na vinaonekana mezani mara chache mno. Uji wa saa nne asubuhi wenye karanga ni mzuri, na umewekwa makusudi kwenye saa ambayo wengi walikuwa wakizimua.

Usingizi hausimami kwa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, baada ya kuacha. Wahudumu wanawaeleza wazee hivyo bila kuwaficha, na saa za jioni zimejazwa bao na redio. Kupima kumbukumbu kunasubiri hadi wiki kadhaa zipite bila pombe, jambo la busara: wako walioletwa kama "mzee amechanganyikiwa" ambao akili hurudi taratibu mwili ukisafika, na mtu akishaandikiwa kwamba amepoteza kumbukumbu, karatasi hiyo haimwachi.

Usiku

Alama moja na nusu tuliyoikata yote imetoka hapa. Mabweni mawili, mhudumu mmoja. Anapita saa 3 usiku na tena saa 12 asubuhi. Hizo ni saa tisa, na karatasi ya ukutani mwao wenyewe inasema mwenye alama 8 aangaliwe kila saa moja au mbili. Ufunguo wa kabati la dawa unaondoka na muuguzi. Mhudumu wa usiku amefundishwa degedege kwa maneno tu. Anajua kumlaza mzee ubavu na kwamba kijiko hakiwekwi mdomoni, ila hajui kwamba dakika tano ndiyo mwisho wa kusubiri, wala gari la kumpeleka ataliomba kwa nani. Kwa upande wa Lindi hospitali zipo, Sokoine mjini na Nyangao kwenye barabara ya Masasi, lakini namba ya dereva imeandikwa kwenye simu ya meneja, na meneja analala nyumbani kwake.

Sehemu kubwa ya tatizo hili ina tiba isiyo na gharama. Wazee wapya huletwa Ijumaa na Jumamosi kwa sababu watoto wanatoka Dar es Salaam wikiendi. Aliyekunywa Ijumaa asubuhi, nyakati zake za hatari zinaanza Ijumaa hiyohiyo mchana hadi Jumanne, na muuguzi hayupo Jumamosi na Jumapili. Wakipokea Jumatatu pekee, hatari yote inakuwa ndani ya siku za kazi, na inabaki kumlipa muuguzi alale kituoni usiku nne tu kwa kila mgeni. Tuliwapendekezea. Jibu lilikuwa kwamba familia hazitakubali.

Kwa hiyo familia, kubalini. Mleteni Jumatatu asubuhi. Msimkatie pombe siku mbili kabla ili afike "akiwa msafi". Atafika akiwa katikati ya saa za degedege, ndani ya basi. Aendelee na kiasi chake cha kawaida, na mwandike saa na chombo cha mara ya mwisho. Dawa zake zote zije kwenye mfuko mmoja, pamoja na za duka la dawa muhimu na za miti shamba, na kitambulisho chake cha msamaha wa matibabu au kadi ya bima. Acheni namba mbili za simu zinazopatikana saa nane usiku, na mmoja wenu awe tayari kulipia gari bila kuitisha kikao.